Miraba 18: jinsi ya kumchora Farao ukutani, kichwa kisiwe boga

Mimi ni fundi wa mabango, Morogoro. Naandika mbao za maduka, nachora vichwa vya wateja kwenye milango ya saluni, na msimu wa likizo napata kuta za shule: ramani ya Afrika, mfumo wa mmeng'enyo, jino lililopasuliwa katikati. Mwaka juzi shule moja ikataka ukuta wa nyuma wa darasa la Historia uwe na Misri ya kale. Farao, mkewe, watumishi, mto, ndege. Nikatafuta picha kwenye simu, nikashika brashi, nikachora kwa jicho. Siku mbili nzima.

Mwalimu wa Historia alipokuja alisimama mlangoni na daftari kifuani, akatazama, akainamisha kichwa kushoto, akatazama tena.

"Fundi, pole na kazi. Ila huyu mzee mbona kichwa kama boga?"

Kweli kilikuwa boga. Mabega nayo yalikuwa ya mtoto, na miguu mifupi kama ya kiti. Nikapiga rangi nyeupe mikono miwili juu ya kila kitu, nikarudi nyumbani na aibu yangu, nikaanza kusoma wenyewe walichoraje. Ndipo nilipoona kilichoniuma zaidi: walikuwa wanapiga miraba. Miraba ile ile ninayopiga mimi kila siku nikikuza picha ya kadi ya biashara iwe bango la mita tatu! Ila miraba yao ilikuwa na akili kuliko yangu. Yangu haijui kilichomo ndani yake. Nikiweka ng'ombe inakuza ng'ombe, nikiweka soda inakuza soda. Ya kwao inajua goti linakaa mstari wa ngapi kabla hujachora chochote.

Nimeshachora kuta nne kwa njia hiyo sasa. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hesabu kwanza, na hesabu taji

Mtu aliyesimama anachukua miraba 18 kutoka unyayo hadi mahali nywele zinapoanzia kwenye paji la uso. Sio hadi utosini. Sababu ni rahisi: Farao leo amevaa wigi, kesho taji refu, keshokutwa kilemba chenye nyoka, kwa hiyo utosi hauaminiki kama kipimo. Paji la uso liko pale pale.

Mimi nililisoma hilo na bado likanipiga chenga. Ukuta wa darasa ulikuwa na mkanda wa rangi ya mafuta wa mita 1 kutoka sakafuni, ule wa kuzuia uchafu wa viatu na migongo ya wanafunzi, na dari iko mita 2.7. Nikachukua mraba wa sentimita 8. Mara 18 ni 144, jumlisha 100 ya mkanda ni 244, nikaona imebaki nafasi ya kutosha. Nimefika kwenye taji jeupe la Misri ya Juu, yaani ya kusini, lile refu lenye umbo kama chupa, linataka sentimita 40 nyingine. Taji likagota kwenye dari. Kijana wangu wa kazi akauliza kama tulikunje.

Nikafuta tena. Mraba wa sentimita 6: mwili 108, taji 30, jumla na mkanda wa chini 238. Hapo juu yake zikabaki sentimita 32 za bure, nikaweka safu ya ndege. Kwa hiyo usianze na ukubwa wa mtu. Anza na nafasi uliyonayo, toa taji, kinachobaki kigawe kwa 18.

Ukitaka kumkalisha kitini hesabu inashuka hadi 14, maana miraba 4 ya paja imelala. Katika Makumbusho ya Uingereza, London, kuna ubao wa mbao uliopakwa plasta nyeupe, wenye miraba ya wino mwekundu na mchoro wa Farao Thutmose wa Tatu ameketi ndani ya miraba hiyo. Ubao wa mazoezi, tuseme daftari la fundi. Ukiutazama utaona ni mtu wa kazi kama sisi: pembeni kajaribu kuchora mkono, mahali pengine kajaribu kifaranga cha kware.

Tahadhari moja. Kuanzia kama karne ya 7 KK Wamisri walibadili, wakaanza kuhesabu miraba 21 hadi kwenye ukope wa juu wa jicho. Ukikuta picha ya namna hiyo usiipime kwa 18, utachanganyikiwa bure.

Kupiga uzi

Hapa sina cha kuwafundisha mafundi wenzangu, lakini kwa asiyejua: chukua uzi wa pamba, upitishe kwenye unga wa chaki ya rangi, mmoja ashike huku, mwingine kule, muuvute ukaze kama waya wa gitaa. Kisha uushike katikati kwa vidole viwili, uuvute kidogo kutoka ukutani, uachie. Pa! Mstari umenyooka kuliko rula yoyote. Wa kulala upime kwa pima maji, wa kusimama kwa timazi.

Wao walichovya uzi kwenye rangi ya udongo mwekundu, na ilikuwa ya maji, kwa hiyo uzi ulipopiga ukuta uliacha vidoa vidogo vidogo pembeni ya mstari. Kwenye makaburi ambayo hayakumalizika bado vinaonekana. Nilipoviona kwenye picha nilicheka peke yangu, kwa sababu ndivyo kijana wangu anavyochafua kila ukuta akikaza uzi vibaya.

Anza na mstari mmoja wa kusimama, ndio mhimili. Utapita karibu na sikio na kushuka katikati ya mwili. Kisha mistari 18 ya kulala, kisha mitatu ya kusimama kila upande wa mhimili. Mingine utaongeza kwa ajili ya hatua ya mguu na fimbo. Mistari iwe hafifu, itafutwa.

Ramani ya mwili

Unyayo uko mstari sifuri. Goti liko mstari wa 6. Makalio yanaishia chini kwenye mstari wa 9, yaani nusu kamili. Mgongo unaingia ndani kabisa, pale mkanda wa kikoi chake unapofungwa, mstari wa 11. Kiwiko cha mkono ulioning'inia, 12. Chuchu, 14. Bega linapokutana na shingo, 16. Chini ya pua, 17. Nywele, 18.

Soma tena hiyo hesabu ya juu: kutoka bega hadi nywele ni miraba 2 tu katika 18. Boga langu lilikuwa limekula karibu miraba 4.

Upana wa mabega ya mwanamume ni miraba 6, mitatu huku na mitatu kule. Kiuno ni chembamba sana, kidogo zaidi ya miraba 2, kwa hiyo kifua kinashuka kama faneli. Unyayo una urefu wa kama miraba 3. Mwanamke mabega yake ni kati ya miraba 4 na 5, na miguu yake inakaa karibu karibu, hapigi hatua ndefu kama mumewe.

Na mraba wenyewe ni nini? Ni upana wa ngumi ya huyo huyo anayechorwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kitu hiki kilidumu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Huhitaji kubeba rula kutoka mji mmoja hadi mwingine. Ukubwa wowote unaochagua, ngumi yake ni mraba mmoja, na mwili wote unajipanga kutokana na ngumi. Fundi akichora miguu upande huu na mwenzake akichora kichwa upande ule, vitakutana shingoni.

Miraba kamili inaonekana kuanzia Ufalme wa Kati, kipindi cha Misri kilichoanza yapata miaka 4,000 iliyopita. Kabla ya hapo walitumia mistari michache tu ya kulala, ya goti, makalio, kwapa na kadhalika, pamoja na mhimili. Kama ukuta wako ni mdogo au una haraka, mistari hiyo inatosha kabisa. Ndiyo ninayotumia kwa watumishi.

Kila kiungo kwa upande wake

Sasa chora, na hapa usifuate jicho lako. Kichwa kinatazama pembeni, lakini jicho ni zima, la mbele, limelala kama samaki. Mabega yote mawili yanakutazama wewe. Ukingo wa kifua, wenye chuchu, ni wa pembeni. Miguu ni ya pembeni, wa mbali umetangulia. Na nyayo zote mbili huchorwa kwa upande wa ndani, kidole gumba mbele na upinde chini, kana kwamba mtu ana miguu miwili ya upande mmoja.

Watu husema Wamisri hawakujua kuchora. Huwa nawauliza kama wameshawahi kuagiza kabati kwa seremala. Atakuchorea mbele, atakuchorea ubavu, atakuchorea juu, kila upande ule unaoeleza kitu vizuri. Hakuna anayemwambia hajui kuchora kabati. Wamisri waliweka pande zote hizo kwenye mwili mmoja, wakaziunganisha pasipo mshono kuonekana. Jaribu kiunoni, pale kifua cha mbele kinapogeuka kuwa mapaja ya pembeni, ndipo utakapojua ni kazi ngumu kiasi gani. Siri ni kitovu: kisogeze mbele kidogo kuelekea upande anaotazama, mwili utageuka wenyewe.

Kuna fundi mmoja, Irtysen, aliyeishi yapata miaka 4,000 iliyopita chini ya Mfalme Mentuhotep wa Pili. Jiwe lake la kaburi liko Louvre, Paris. Amejisifu humo kwamba anajua mwendo wa mwanamume na ujio wa mwanamke, anajua mkono unavyoinuka wa anayemchoma kiboko, anajua anavyokwenda anayekimbia. Kisha anasema siri hizo hazijui mtu isipokuwa yeye na mwanawe wa kwanza. Nimemwelewa vizuri sana. Fundi aliyenifundisha mimi alikuwa akitaka kuchanganya rangi ya ngozi anatupa mgongo. Tulijifunza kwa kunusa makopo baada ya yeye kwenda kula.

Nyekundu kwanza, nyeusi baadaye

Mchoro wa kwanza uwe mwekundu na mwepesi. Ukishamaliza rudi nyuma hatua sita, tazama, kisha sahihisha kwa nyeusi juu yake. Usifute nyekundu. Mstari mweusi ndio wa kweli, mwekundu unabaki kukuonyesha ulikosea wapi.

Utaratibu huo umeonekana wazi katika kaburi la Farao Horemheb, Bonde la Wafalme, lililofunguliwa mwaka 1908. Mfalme alizikwa kazi haijaisha. Kuna kuta zina mistari myekundu na masahihisho meusi juu yake, na nyingine patasi imeshaanza kuchonga. Mahali fulani bwana mkubwa wa kazi alipita nyuma ya wanafunzi wake, akasogeza bega kidogo, akanyoosha mguu. Kaburi zima la mfalme limebaki kama daftari lililosahihishwa na mwalimu.

Kijana wangu hapendi kusahihishwa kwa nyeusi. Anasema kila mtu anayepita anaona makosa yake. Nikamwonyesha picha ya Horemheb kwenye simu. Akanyamaza, ingawa sidhani kama aliridhika.

Mkubwa awe mkubwa kweli

Hapa ndipo wachoraji wengi wa leo wanapokosea, kwa sababu tumezoea kwamba aliye mbali ni mdogo na aliye karibu ni mkubwa. Misri ukubwa ni cheo. Tazama bamba la Narmer, mfalme wa Misri, la yapata mwaka 3100 KK, lililopatikana Hierakonpolis, mji wao wa kale: jiwe la sentimita 64 tu, na hapo hata miraba ilikuwa haijaanza. Mfalme ameinua rungu, amejaza sehemu kubwa ya jiwe. Nyuma yake anasimama mbeba viatu, mdogo kuliko yeye kwa mbali. Yule sio mtoto wala hayuko mbali. Ni mbeba viatu.

Njia yangu: Farao mraba wa sentimita 6, watumishi mraba wa sentimita 3. Mtumishi anakuwa na sentimita 54. Sasa tazama inavyojipanga: safu mbili za watumishi, moja juu ya nyingine, 54 na 54, ni 108, sawasawa na mfalme kutoka unyayo hadi nywele. Unapiga mstari mnene chini ya kila safu, huo ndio ardhi yao, hakuna anayeelea hewani. Ukuta unatulia. Sikubuni mimi, kuta zao nyingi zimepangwa hivyo, bwana mmoja mrefu upande huu akitazama safu za watu wadogo wanaolima, wanaovua, wanaooka mikate upande ule. Unausoma kama ukurasa.

Watu wa Ur, mji wa kale kusini mwa Iraki, walikuwa na mawazo hayo hayo. Kuna kisanduku chao cha miaka kama 2500 KK, urefu hauzidi nusu mita, kimenakshiwa kwa chaza na jiwe la bluu lililotoka huko Afghanistan. Upande wa vita una safu tatu, na katikati ya safu ya juu mfalme ni mrefu hadi kichwa kimevunja fremu. Nilijaribu hilo kwenye ukuta wa tatu, nikaacha manyoya ya kilemba yapite juu ya mpaka. Mwenye shule akadhani nimekosea vipimo.

Jambo dogo la kukumbuka: ukiweka maandishi yao, ndege na watu walio ndani ya maandishi wanatazama mwanzo wa mstari. Kwa kawaida wanatazama upande ule ule anaotazama mtu anayeelezwa. Ukiwageuza, umeandika kinyumenyume.

Rangi

Sita zinatosha. Ngozi ya mwanamume ni nyekundu ya udongo, ya mwanamke ni njano. Nyeusi yao ilitokana na masizi na mkaa, nyeupe na jasi au chokaa, kijani na mawe ya shaba. Bluu waliipika: mchanga, chokaa, shaba na magadi, kwenye tanuri la nyuzi 850 na zaidi. Walifunga rangi kwa utomvu wa mgunga au gundi ya wanyama. Mimi natumia rangi ya maji ya kawaida na kununua kopo dogo la bluu, maana tanuri sina. Paka bapa, bila kivuli. Ukiweka kivuli chini ya kidevu umeharibu, amekuwa mtu wa kwenye tangazo la saluni. Mwisho zungushia mstari mwekundu uliokolea au mweusi kwa brashi namba 2.

Pa kulegeza

Baada ya miraba yote hiyo utakuwa na mfalme safi, aliyenyooka, na asiye na uhai hata kidogo. Usiogope. Ndivyo anavyotakiwa. Mkubwa hatikisiki.

Uhai uweke chini. Katika kaburi la Nebamun, ofisa wa hesabu za nafaka wa Thebes, mji wa Misri ya kale, la yapata mwaka 1350 KK, ambalo vipande vyake viko London, bwana mwenyewe anawinda ndege kwenye matete akiwa amesimama kwa sheria zote. Lakini paka aliye chini yake amekamata ndege kwa meno na kucha kwa pamoja, na manyoya unaweza kuyahesabu. Kwenye kipande cha karamu kuna wapiga muziki wamekaa chini, na wawili kati yao wamegeuza nyuso kukutazama wewe moja kwa moja, jambo ambalo bwana wao hathubutu kufanya. Nyayo zao zinaonekana kwa chini. Mchoraji aliwajua watu hao kwa kuwaona, sio kwa kuwahesabu.

Kwa hiyo safu za chini ndiko ninakocheza. Bata wangu wa darasa la Historia nimewachora bila mstari hata mmoja, nikikumbuka bata wa jirani. Mmoja anamnyang'anya mwenzake samaki. Mtumishi wa pili kutoka kulia anajikuna kisigino.

Mwalimu alipokuja mara ya tatu alimtazama Farao kwa kitambo, akasema sasa amekaa sawa. Kisha akawasogelea bata, hakuwaacha hadi kengele ilipogonga.

Mwezi uliopita wameniita tena, kurekebisha. Ukuta umechakaa sehemu moja tu, kando ya mfalme, ukanda mwembamba wa uchafu kutoka kwenye mkanda wa rangi ya mafuta kwenda juu. Wanafunzi wanasimamishana pale, mmoja anampima mwenziwe ngumi juu ya ngumi kutoka kisigino, waone kama zinafika 18. Nimewaambia nitapaka vanishi, elfu ishirini na usafiri juu yao.